Dakika Ishirini na Nne za Lolatavu

Itambulike kwa abiria na umma wote kwamba umbali wa anga kati ya kiwanja cha Lolatavu na kiwanja cha Santo ni kilomita tisini na sita, na kwamba muda wa safari baina ya viwanja hivyo ni dakika ishirini na nne. Tangazo hili, lenye muhuri wa shirika na misumari minne, limekaa kwenye ukuta wa kibanda cha abiria cha Lolatavu kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda wote huo hakuna aliyelipinga. Mchwa walikula kona yake ya chini, lakini tarakimu hawakuzigusa.

Mtunzaji wa tangazo hilo, na wa kila kitu kingine kiwanjani, ni Silas Bule. Ndiye anayefyeka nyasi, ndiye anayefukuza ng'ombe, ndiye anayetazama upepo unaelekea wapi na kumwambia rubani kwa simu. Ndiye pia anayepima abiria na mizigo yao kwenye mzani mmoja wa kupimia mbata, kwa sababu ndege ya viti tisa haijali kama kilo ni za mtu au za magimbi. Inachotaka ni jumla. Silas alikuwa mtu wa fomu. Kama kuku alikatiza kiwanjani ndege ikitua, kuku huyo aliandikwa.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, saa nne na nusu asubuhi, Nesi Merilin alitoka zahanati na glavu zake mikononi. Alikizunguka kiwanja chote kwa nje, badala ya kukikata katikati kama alivyofanya siku zote, akamkuta Silas kibandani.

"Silas, mpwa wako lazima aende hospitali ya Santo leo."

"Leo ni Alhamisi, Nesi. Ndege ni Jumatatu na Ijumaa."

"Sikukuuliza ratiba, baba. Mtoto amelala tumboni kama kizingiti mlangoni. Tangu jana nahangaika kumgeuza hageuki, na sasa damu imeanza. Hapa sina kisu, sina dawa ya usingizi, sina damu ya kumwongeza. Jua likizama Jenita yuko hapa, kesho utafute wachimbaji. Wa makaburi mawili."

Jenita alikuwa binti wa dada yake Silas, na kwa watu wa kisiwa kile mtoto wa dada ndiye mtoto wako hasa. Uliyemzaa wewe ana mjomba wake wa kumlilia. Silas alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akatazama kule ambako Nesi hakupita.

Katikati ya kiwanja, juu ya nyasi alizofyeka mwenyewe Jumamosi, lilikuwa limelazwa jani la namele, refu kama mkono wa mtu mzima, limekingama kutoka kushoto kwenda kulia. Jani la namele halina askari, halina kufuli, halina waya wa miiba. Linalazwa tu, na pale lilipolazwa hapapitwi tena, hata na mbwa mwenye malezi, mpaka aliyelilaza aje kulinyanyua. Hili lilikuwa na siku tatu. Aliyelilaza alikuwa Chifu Viratabe, mwenye ardhi ya kiwanja na, kwa bahati iliyokuwa nzuri mpaka Jumatatu, kaka wa mke wake Silas.

Kosa lenyewe lilifanywa kwa heshima. Kaka wa mkeo kule hatajwi jina. Humwiti, husimami akiwa amekaa, humfanyii masihara, na ukiwa na neno naye unamtuma mtu wa tatu hata kama mmekaa mkeka mmoja. Fomu ya shirika, kwa upande wake, ina safu ya jina na safu ya uzito, na hapo chini imeandikwa kwamba orodha isomwe kwa sauti mbele ya rubani. Kwa miaka kumi na mmoja desturi na fomu ziliishi kwa amani, kwa sababu Mjomba Kolumba, kaka wa mama yake Silas, alikaa kando ya mzani akiandika na kuyataja majina yote ambayo mdomo na mkono wa Silas havikuruhusiwa kuyagusa. Jumatatu hiyo Mjomba Kolumba alikuwa nyumbani na jino, shavu limemvimba kama papai.

Wa kwanza kupimwa alikuwa nguruwe wa harusi, ndani ya kikapu. Silas aliandika: Nguruwe, 58. Wa pili alipanda Chifu Viratabe. Silas aliinamisha macho, akaiacha safu ya jina wazi kama adabu inavyotaka, akaandika: 104. Kisha akasimama mbele ya ndege, akasoma.

"Nguruwe, hamsini na nane." Akairuka safu ya jina. "Mia na nne."

Rubani Lui, ambaye alikuwa na haraka zake, alichungulia dirishani. "Nguruwe wawili? Huyo wa mia na nne atapita mlangoni?"

Watu walicheka. Walijaribu kutocheka, na hilo likazidisha. Chifu Viratabe, aliyekuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, aliushusha, akaweka mkeka wake kwapani, akaenda zake. Jumanne kulipokucha jani lilikuwa pale.

"Kaka yangu umemweka chini ya nguruwe," alisema Everin, mke wa Silas, bila kuinua macho kwenye gimbi alilokuwa akilikuna. "Tena nguruwe mwenyewe mwembamba."

"Nilimheshimu."

"Ndiyo. Heshima yako imesikika mpaka Santo."

Silas alikuwa ameripoti Jumanne hiyo. Kwenye fomu ya kila siku, penye vizuizi, pameandikwa ng'ombe, maji, watu, vinginevyo. Alijaza: Vinginevyo, jani moja. Ofisi kuu ilipiga simu siku hiyohiyo, jambo lisilo la kawaida.

"Bwana Bule, ondoa jani."

Silas alieleza.

"Ni kubwa kiasi gani?"

"Kama mkono wa mtu."

"Sasa si uliondoe?"

Alieleza tena. Wakamwambia atume picha.

Kwa hiyo Alhamisi, Nesi alipokwisha kusema, Silas hakuipigia ofisi. Alikwenda chini ya mlingoti wa soksi ya upepo, mahali pekee penye mtandao pale Lolatavu, akampigia Lui.

"Ndege ninayo na mafuta yapo," alisema Lui. "Lakini nisikilize. Lazima nirudi Santo kabla ya giza, kwa hiyo mwisho wa kuruka huku ni saa kumi na nusu. Na uniambie kwa mdomo wako kwamba uwanja uko wazi. Mimi mtu wa kisiwa cha Ambae, Silas, nimekua na namele. Nikiliona pale sitatua, hata kama ndani ya zahanati yuko mama yangu."

"Nitakwambia."

"Nitapiga saa kumi na robo."

Chifu alikuwa shambani kwake mlimani akichimba viazi vikuu, na mtu uliyemkosea hafuatwi shambani kwake, anangojwa. Silas na Mjomba Kolumba walikaa kwenye nakamal, nyumba ya wanaume ambamo mambo yote husemwa na mengi hayamalizwi, kuanzia saa sita. Nje, kwenye kamba, alikuwa nguruwe wa Silas. Alikuwa amemlea miaka saba, amemlisha kwa mkono, amemng'oa meno ya juu ili pembe za chini zizunguke bila kuzuiwa, na sasa pembe zilikuwa zimefunga duara kamili. Mwezi wa nane Silas angemuua mbele ya watu na kupanda cheo. Nguruwe wa namna ile mtu wa kawaida humpata mara moja maishani, akiishi sana.

Saa saba. Saa nane. Kila nusu saa mtu alikuja kutoka zahanati kusimama mlangoni na kutikisa kichwa.

"Subira huvuta heri," alisema Mjomba Kolumba, akishika shavu.

"Haivuti ndege, mjomba."

Saa tisa na nusu Chifu aliingia, miguu ina udongo, akakaa. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ndogo. Mjomba Kolumba alisema yaliyopaswa kusemwa: kwamba jino lilikuwa lake, kwamba kosa halikuwa na nia, kwamba nguruwe yuko nje, kwamba kuna mtoto wa watu zahanati. Chifu alianza kutoa udongo kwenye kucha, ukucha mmoja baada ya mwingine, na ana kucha kumi kama watu wengine wote.

"Nguruwe ana pembe nzuri," alimwambia Kolumba hatimaye. "Amepimwa?"

"Hajapimwa, chifu."

"Basi heshima yake anayo bado."

Silas aliitazama saa yake kwa jicho la pembeni. Saa kumi na dakika tano. Kutoka nakamal mpaka mlingotini ni mwendo wa dakika tisa kwa mtu anayekimbia, naye hakuweza kusimama mbele ya shemeji yake aliyekaa. Alitoka akiwa amechuchumaa, hatua kwa hatua kama bata, mpaka mlangoni, na alipopita kizingiti ndipo alipojinyoosha na kukimbia.

Simu iliita akiwa na mkono mmoja kwenye mlingoti. Kutoka pale aliiona zahanati. Dada yake alikuwa amekaa barazani, amempa mgongo, kama dada anavyompa kaka yake mgongo siku zote kule. Lakini mgongo huo ulikuwa ukitikisika. Aliliona na jani.

"Silas. Uwanja?"

Upepo ulikuwa wa kusini-mashariki, wa wastani. Alimwambia upepo.

"Nimekuuliza uwanja."

"Uko wazi."

"Rudia."

"Uko wazi, kapteni."

Huyu ni mtu aliyekuwa akiandika kuku. Alikaa kwenye nyasi akangoja. Simu ilitoa mlio mwingine, ujumbe mfupi wa Lui: amepaa saa kumi na dakika ishirini na nane. Silas hakuhitaji karatasi. Ndege ingefika saa kumi na dakika hamsini na mbili, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aliliombea tangazo la ukutani liwe la uongo.

Aliwakuta njiani. Chifu alitangulia, akitembea kama machifu wanavyotembea, yaani kama mtu asiye na pa kwenda. Nyuma yake Mjomba Kolumba akivuta kamba ya nguruwe. Kolumba alibaki nyuma kidogo, akanong'ona.

"Nguruwe amempokea. Lakini si nguruwe anachotaka."

"Anataka nini?"

"Anataka kupimwa."

"Kupimwa?"

"Mzani uoshwe. Apande yeye wa kwanza, kabla ya mtu, kabla ya mnyama. Jina lake litajwe kwa sauti, watu walewale wa Jumatatu wasikie. Ndipo atalinyanyua jani."

"Mjomba, ndege iko hewani."

"Iko hewani vipi, na jani liko chini?" Kolumba alisimama. "Ulimwambia uwanja uko wazi?"

"Nilimwambia."

"Basi ama una moyo wa jiwe ama huna akili, na leo sina nafasi ya kuchunguza ni lipi. Kaiteni watu!"

Kilichobaki kilikuwa dakika kumi na nne. Silas alitangulia kufungua kibanda. Everin alishasikia, aliwapitia nyumba kwa nyumba akiwaita wote waliocheka, naye aliwakumbuka kwa majina. Chifu, huko njiani, alikuwa amesimama. Alikuwa akimngoja nguruwe apumzike.

Mzani uliburutwa nje, ukamwagiwa maji, ukasuguliwa kwa sabuni na ganda la nazi. Chifu alifika, akainama, akapitisha kidole kwenye bamba.

"Kona ile," alimwambia Kolumba.

Wakasugua kona ile. Dakika sita. Wanaume wanne walitoka zahanati wamembeba Jenita juu ya mlango uliong'olewa bawaba, Nesi akitembea kando yake ameushika mkono wake, mama yake Jenita nyuma. Walimweka kivulini, nje ya mstari wa kiwanja. Jenita hakuwa akilia tena, na hilo Nesi hakulipenda. Alimtazama Silas tu. Damu ilikuwa imeshapita kwenye kanga ya kwanza na ya pili.

Chifu alimtazama msichana kwa muda mrefu.

"Huyo naye atapimwa baada yangu?"

"Ndiyo, chifu," alisema Kolumba.

"Basi fanyeni haraka. Mnamchelewesha mgonjwa."

Akapanda. Mzani ulilalamika. Sindano ilitetemeka, ikaifikia mia na nne, ikaipita bila kusita, ikatua kwenye mia na saba. Ilikuwa wiki ya viazi vikuu. Watu walikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu aliisikia kwa wakati mmoja: injini, mbali, upande wa bahari.

Silas alimtazama mjomba wake. Mjomba Kolumba aliitazama sindano, kisha akamtazama Chifu, kisha akakitazama kivuli alimolazwa Jenita. Akavuta pumzi kwa upande wa shavu zima.

"Viratabe!" alipaza sauti, na jina likaenda mpaka kwenye miti. "Tisini na tisa!"

Mtu mmoja alikohoa. Everin alimgeukia, kikohozi kikakoma. Chifu Viratabe alishusha macho mpaka kwenye sindano. Kusoma alikuwa anajua. Alisoma misheni miaka sita na tarakimu zilikuwa somo lake. Aliitazama kwa muda unaotosha kuisoma mara tatu. Injini haikuwa mbali tena.

"Andikeni," alisema Chifu.

Kolumba akaandika jina. Silas akaandika tisini na tisa.

Ndege ilitokea juu ya minazi ikiwa imeshashuka, magurudumu yametangulia. Chifu alikuwa ameanza kutembea. Kutoka mzanini mpaka kwenye jani ni hatua mia tatu, na chifu hakimbii. Angekimbia, lisingekuwa jani la chifu. Alikuwa hajafika nusu pale ndege ilipopita juu yake, ikanguruma ghafla, ikainua pua na kupanda.

"Ameliona," alisema Nesi Merilin.

Ndege ilielekea baharini. Ilielekea kule ilikotoka, ikawa ndogo. Dada yake Silas, ambaye kwa miaka thelathini hakuwa amemwelekezea kaka yake uso, aligeuka akamtazama. Silas angekubali matusi ya mwaka mzima kuliko ule uso.

Chifu alifika, akainama taratibu, akaliokota jani kwa mikono miwili. Alilikung'uta. Alilitia kwapani.

Kule juu ya maji kile kitone kilionekana kama kimesimama. Kisha kikainama upande, bawa likameta, na kikaanza kukua. Saa kumi na dakika hamsini na saba magurudumu yaligusa nyasi.

Lui alishuka bila kuzima injini moja.

"Niliona kitu cha kijani katikati," alisema.

"Nyasi," alisema Silas.

"Nyasi."

"Zilikuwa ndefu. Zimeshughulikiwa."

Lui alimtazama Chifu, na lililokuwa kwapani mwa Chifu, akavua miwani kwa adabu na asiulize zaidi. "Haya, orodha."

Chifu Viratabe alisafiri. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, na shughuli zake za Santo zilikuwa zinamngoja tangu Jumatatu. Jenita walimpima pamoja na mlango, wakautoa mlango. Alikuwa kilo sitini na nane. Silas alishika kalamu juu ya karatasi. Kule angani kilo nane zingebaki kuwa kilo nane, hata kama hazina jina. Aliandika: Jenita, 76. Jumla ilikuwa sahihi, na ndege huruka na jumla.

"Sabini na sita?" Nesi alinong'ona. "Huyu?"

"Wako wawili," alisema Silas.

Penye vizuizi aliandika: Hakuna. Wakati huo ilikuwa kweli.

Jenita alipasuliwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Walipona wote wawili. Mtoto ni wa kike, kilo tatu na robo, uzito ambao hakuna mtu aliyeubishia. Nguruwe yule Chifu alimuua mwezi wa nane, katika sherehe ya cheo chake mwenyewe. Silas alialikwa, akakaa mahali pazuri, akala. Mjomba Kolumba aling'olewa jino.

Wiki iliyofuata ofisi kuu iliuliza, kama ilivyo haki yake, muda halisi wa safari hiyo isiyo ya ratiba. Silas alijaza kwa uaminifu. Ndege iliondoka Lolatavu saa kumi na moja na dakika kumi na sita, ikatua Santo saa kumi na moja na dakika arobaini: dakika ishirini na nne. Nesi Merilin, ambaye ana saa yake mwenyewe na alianza kuhesabu alipotoka zahanati na glavu mikononi, alipata saa saba na dakika kumi.